Mwalimu Protasi na Kamba ya Miaka

Ijumaa, tarehe 4 Julai 2025. Asubuhi ya ukungu wa kiangazi. Milima ya Kongo haionekani ng'ambo, ziwa limetulia, na upepo wa kusini umeanza mapema kutuletea vumbi la barabarani pamoja na harufu ya mawese yanayochemshwa.

Leo Mwalimu Protasi Bigirindavyi amestaafu. Amefundisha kwa miaka thelathini na minne: kumi na minane katika makazi ya wakimbizi huko Tanzania, na kumi na sita hapa kwenye shule yetu ya msingi, Ekofo ya Nyabusenyi, kati ya Minago na Rumonge mjini. Wasifu wake ulikuwa umekwisha andikwa tangu Jumatano na kuingizwa katika ratiba ya sherehe. Wageni wameusoma, na hauna kosa lolote. Lakini baada ya yale yaliyotokea leo uwanjani, ule ni wasifu wa nusu mtu. Jarida la shule linastahili huu.

Mwalimu Protasi alizaliwa mwaka 1965, hapahapa, mlimani juu ya barabara kubwa, mahali ambapo hata leo ukisimama unaona mitumbwi ya ndagala, dagaa wetu, ikirudi alfajiri. Alikuwa na miaka saba mwaka 1972, nchi ilipoharibika kwa mauaji. Asubuhi hiyo mama yake, Bibi Clotilda, alikuwa anasaga mtama juu ya jiwe uani. Majirani walipopiga kelele za kukimbia, alimshika mtoto kwa mkono mmoja akateremka hadi ziwani. Ndani ya boti ndipo watu walipoona kwamba mkono wa pili bado umeshika jiwe la juu, lile la kusagia. Alikuwa amesahau kuliachia.

Mwalimu Protasi amelisimulia jambo hili katika chumba cha walimu mara nyingi, na kila mara kama kichekesho. Boti imejaa hadi maji yanachungulia, mwenye boti anapiga kelele: "Mama, tupa jiwe hilo, tunazama!" Na Bibi Clotilda anamjibu: "Mutupe muzigo wenu kwanza, mimi sina mwingine." Akalikalia mpaka Kigoma. Kule makazini alisagia jiwe hilo kwa miaka mingi juu ya mawe ya kuokota, akilalamika kila siku kwamba halikai vizuri.

Protasi alisoma kule, akafaulu, na mwaka 1991 akapewa darasa. Hapakuwa na ramani, kwa hiyo aliichora Afrika ardhini kwa jembe, kubwa kiasi cha watoto kutembea juu yake. Wanafunzi wake wa wakati huo, ambao sasa wana watoto wao, bado wanakumbuka kwamba Ziwa Tanganyika lilikuwa shimo halisi, na mvua ikinyesha lilijaa maji.

Alirudi Burundi mwaka 2009 na kupangiwa shule yetu. Siku ya kwanza aliingia darasa la sita, watoto wakasimama na kusema kwa sauti moja, "Bonjour, monsieur!" Naye, bila kufikiri, akajibu: "Marahaba!" Watoto walitazamana. Kesho yake ikawa vilevile. Mwezi ulipokwisha, watoto walikuwa hawakai chini mpaka wasikie marahaba yao. Mpaka leo, mtoto wa Nyabusenyi akihamia shule nyingine anamsalimu mwalimu wake mpya kwa Kifaransa kisha anabaki amesimama, akingoja.

Jambo moja lazima lielezwe hapa, kwa sababu bila hilo mtu aliyetoka mbali hataelewa siku ya leo. Waliorudi kutoka Tanzania walikuta mashamba yao yana watu, na watu hao nao walipewa na wakubwa wa wakati huo, wakalima, wakazaa na kuzika humo. Shamba la baba yake Mwalimu Protasi lilikuwa mikononi mwa familia ya mwalimu mwenzetu, Madamu Agneta, anayefundisha hesabu. Madamu Agneta alizaliwa pale. Wazee na watu wa ofisi ya ardhi walikaa, wakasikiliza, wakakata shamba katikati na kupanda uzio wa minyaa. Mwalimu akajenga upande wa juu, Madamu akabaki upande wa chini.

Kwa hiyo kwa miaka kumi na sita watu hawa wawili wamekuwa majirani nyumbani na majirani katika chumba cha walimu, meza moja, kopo moja la chaki.

"Jirani, kuku wako wamevuka mpaka tena," Madamu alikuwa akisema asubuhi.

"Hawana paspoti, Madamu. Nitawaonya."

Walitaniana hivyo. Lakini katika upande wa chini wa shamba lile, karibu na jiko la Madamu Agneta, liko jiwe pana la kusagia lililoliwa katikati, na kuku hunywea maji humo. Kila mtu mlimani anajua ni jiwe la nani. Mwalimu alikuwa analiona kila siku juu ya minyaa. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulitaja.

Sasa tuje kwenye kamba, maana ndiyo iliyompa jina mpaka Rumonge sokoni.

Mwaka wake wa pili hapa, msichana mmoja wa darasa la sita aliandika katika mtihani kwamba Wajerumani walipofika, bibi yake aliwapikia muhogo. Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliwauliza watoto swali moja: mwami (mfalme wetu), Wajerumani, Wabelgiji, uhuru, na babu zenu, nani alitangulia? Walijua tarehe zote kwa kichwa, walizikariri kama wimbo, lakini hakuna aliyeweza kupanga. Kwao zamani ilikuwa siku moja ndefu ambamo watu wote waliishi pamoja.

Jioni alikwenda Minago akaomba wavuvi kamba ya wavu uliochoka. Kesho yake aliinyosha uwanjani. Nusu mita ni mwaka mmoja. Kila miaka kumi, fundo. Mwanzo wake ulikuwa mlangoni mwa jiko, enzi za mwami, na mwisho wake ulikuwa leo, karibu na geti. Akawaambia watoto waende nyumbani, kila mmoja alete kitu kimoja cha zamani, amuulize mkubwa kilikuwa cha nani na kilifanya kazi gani, kisha akiweke kwenye mwaka wake.

Vikaja vitu ambavyo hakuna kitabu cha shule kimewahi kuvitaja. Karabai za kuvulia ndagala. Sarafu ya Wabelgiji. Kitenge alichoolewa nacho mtu. Sahani za bati kutoka makazini. Redio isiyo na tumbo. Barakoa za mwaka wa korona, ambazo watoto walizipigania, maana kila mtu alitaka mwaka anaoukumbuka mwenyewe. Watoto walitembea juu ya nchi yao kutoka jikoni hadi getini, na walipofika mwisho walikuwa wamekwisha jua nani alitangulia.

Mwaka mmoja Nasiri, mtoto wa wavuvi, hakuja na kitu. Alikuja na babu yake, Mzee Athumani, kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. "Nimeuliza kitu gani iko ya zamani kabisa kwetu," alisema, "bibi akasema ni huyu." Mwaka wa kuzaliwa hakuna aliyeujua. Mwalimu aliuliza kuhusu ziwa, na mzee akakumbuka kwamba alikuwa ametoka tu jandoni wakati maji yalipopanda mara ya kwanza, siyo huku kupanda kwa juzi. Wakahesabu kurudi nyuma, wakampata, wakamweka. Direkteri Revokatus, mkuu wetu wa shule, alimletea kiti. Mzee akakataa.

"Umeshaona karabai imekalia kiti? Leo mimi ni kitu ya historia. Niacheni nisimame."

Akasimama hadi mwisho wa somo, na kila mtoto aliyepita alimsomea mwaka wake kwa sauti.

Inspekta naye alikuja, mwaka mwingine, na uso wa kazi. Aliambiwa hakuna anayesimama karibu na kamba bila kuweka kitu, akavua saa yake ya harusi akaiweka. Aliandika ripoti nzuri sana. Kesho yake alirudi kwa pikipiki kuifuata saa, alikuwa ameisahau mwaka 1998. Na kwa sababu wasifu lazima utaje mafanikio, yatajwe: kwa miaka sita mfululizo watoto wetu wameongoza shule zote za zone yetu katika maswali ya historia kwenye mtihani wa taifa.

Lakini kamba ilikuwa na mahali pagumu. Mafundo ya pale katikati, na hasa mwaka 1972, ndipo watoto wa waliorudi na watoto wa waliobaki walipokutana bega kwa bega na vitu vya nyumbani mwao mikononi. Wazazi walisimama nje ya uzio kusikiliza. Mwalimu Protasi alikuwa na sheria moja kwa mahali pale, na aliisema kila mwaka kwa maneno yaleyale: "Hapa tunasema kitu kilikuwa cha nani na kilifanya kazi gani. Nani alimkosea nani, huo ni mzigo wa watu wazima. Mikono yenu bado midogo." Kisha alisimama palepale, miguu miwili juu ya mwaka ule, mpaka mtoto wa mwisho alipopita. Hapakuwahi kutokea ugomvi.

Madamu Agneta ndiye aliyepima kamba kila mwaka kwa mita yake ya mbao, kwa kuwa Mwalimu hakuwahi kuaminika na hesabu. Alipima, akakaza mafundo, akasema "iko sawa," akaenda zake kabla watoto hawajaanza kuweka vitu. Na kila mwaka watoto walimwuliza Mwalimu swali lilelile: "Mwalimu, na kitu yako iko wapi?" Naye alijibu: "Kipo njiani."

Mwaka jana ziwa lilipanda. Liliingia uwanjani, likaingia stoo, likaondoka na madawati manne, ngoma ya shule na kamba. Hakukuwa na Siku ya Kamba mwaka ule. Na mwezi wa tano mwaka huu, katika kikao cha walimu, Direkteri Revokatus alisema wazi jambo ambalo wote tulikuwa tunaliwaza.

"Tunaweza kununua kamba nyingine. Kamba siyo shida. Lakini Mwalimu Protasi akiondoka, nani atasimama pale sabini na mbili? Mimi siwezi. Wazazi wa pande zote mbili wako mlangoni kwangu kila Jumatatu."

Mtu alijifanya kutafuta kalamu. Madamu Agneta aliangalia dirishani.

"Basi," Direkteri alisema kwa huzuni, "itastaafu pamoja naye."

Mwalimu Protasi alisimama akafuta ubao ambao ulikuwa umefutwa tayari. Baadaye aliomba kitu kimoja tu: badala ya zawadi, apewe Siku ya Kamba moja ya mwisho, siku ya kuaga.

Habari ilipotoka, kamba zilianza kuja zenyewe. Wavuvi wa Minago walileta za nyavu. Kutoka Kigwena ulikuja mkanda wa kupandia michikichi. Akina mama walisuka vitambaa vya vitenge. Mtu alifungua mbuzi akaleta kamba yake, na mbuzi akashinda siku mbili kwenye bustani ya shule. Ayubu, anayebeba madumu ya mawese, bidoni, kwa baiskeli, alileta ule mpira wa kufungia mizigo, uliokatwa kwenye tairi la ndani, akasisitiza ufungwe kwenye miaka ya themanini. "Ndio miaka nilizaliwa," alisema. "Nataka ikuwe imara." Tukaunga vyote, fundo kwa fundo. Ilikuwa kamba ya rangi zote, mbaya kuliko zote tulizowahi kuona, na watoto waliipenda mara moja.

Asubuhi ya leo waliishika, darasa zima la sita, wakavuta kuinyosha. Madamu Agneta alianza kupima kutoka jikoni. Uhuru ulikuwa mahali pake. Sabini ilikuwa mahali pake. Alipofika mbele kidogo alisimama, akapima tena, akaita uwanja mzima.

"Direkteri! Miaka ya themanini imenenepa! Hapa ndani iko miaka kumi na saba!"

Mpira wa Ayubu ulikuwa umevutika. Kadiri watoto walivyovuta, ndivyo miaka ilivyorefuka, na mwaka huu wetu ulikuwa umesukumwa nje ya geti hadi katikati ya barabara, pikipiki zikipiga honi.

"Ilikuwa miaka mizuri, Madamu," Ayubu alisema. "Iacheni inenepe."

"Na mimi niwafundishe watoto kwamba kumi ni kumi na saba?"

Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Hata Bibi Clotilda, aliyekuwa amekalishwa mbele pamoja na wageni wa heshima, na ambaye sasa ana miaka themanini, alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Madamu alifungua mpira, akaunga katani mahali pake, akapima tena. "Sasa iko sawa." Akauzungusha ule mpira mkononi, akamwita Ayubu pembeni, wakatoka getini pamoja na baiskeli. Tulidhani anakwenda zake, kama kila mwaka. Mwalimu Protasi alimtazama mpaka akapotea, kisha akapiga makofi na kuanza somo lake la mwisho.

Na lilikuwa somo! Alikuwa na suti mpya na viatu vya kubana, akavua viatu hivyo kwenye enzi za mwami na kutembea pekupeku hadi Wabelgiji. Watoto walikimbia na vitu vyao, walibishana, walisahihishana. Wazazi waliingia ndani ya uzio bila kuruhusiwa na hakuna aliyewatoa. Mpaka walipofika pale. Kelele zikapungua zenyewe. Waliweka sahani, waliweka jembe lisilo na mpini, waliweka nguo ya kubebea mtoto. Mwalimu alisema sheria yake. Miguu miwili juu ya mwaka.

Msichana mmoja, Jovita, ndiye aliyeuliza. "Mwalimu, leo ni mwisho. Kitu yako iko wapi?"

Tulingoja lile jibu la kila mwaka. Mwalimu akafungua mfuko wake, akatoa jiwe la ukubwa wa mkate, jeusi, lililolainika kwa kushikwa, akaliweka.

"Jiwe tu?" mtoto mmoja alinong'ona.

Akawaeleza. Lilikuwa la mama yake, yule pale. Lilisaga mtama. Alieleza kuhusu boti, na safari hii hakulifanya jambo hilo kichekesho. Watoto walimgeukia Bibi Clotilda, na bibi akawaonyesha mkono wake wa kulia, ukiwa umejikunja kana kwamba bado umelishika.

"Na ile ya chini?" Jovita aliuliza. "Hii ni ya juu. Ya chini iko wapi? Ilibaki Tanzania?"

"Hapana. Ipo hapa."

"Hapa wapi?"

Watu wazima wote walitazama chini. Mwalimu alifungua mdomo akaufunga. Sheria yake ilimruhusu kusema jiwe lilikuwa la nani na lilifanya kazi gani, lakini kusema lilipo kulikuwa ni kumtaja mwenzake mbele ya mlima mzima. Direkteri Revokatus, kwa nia njema kabisa, akapiga makofi. "Haya, haya, watoto, tuendelee, sabini na tatu!"

"Direkteri, ngoja!" sauti ilitoka getini. "Usiruke mwaka!"

Ilikuwa Madamu Agneta, viatu vikiwa mkononi, jasho usoni, akisukuma baiskeli kwa nyuma huku Ayubu akiikokota kwa mbele. Na juu ya kiti cha nyuma, limefungwa kwa ule mpira wa miaka ya themanini, lilikuwa limelala jiwe la chini, bado bichi kwa maji.

"Ni nzito kuliko bidoni sita," Ayubu alisema, akihema. "Mara mbili imetaka kurudi nyumbani yenyewe."

Wanaume wanne walilishusha. Madamu alijifuta mikono kwenye sketi, akamtazama jirani yake. "Kuku wangu wamebaki na kiu," alisema. Ni hayo tu aliyoyaweza, na sauti yake haikuwa ile ya kupimia kamba.

Mwalimu Protasi alipiga magoti katika suti yake. Lakini kabla hajagusa kitu, Bibi Clotilda alikuwa amekwisha simama. Alikuja peke yake, bila fimbo, akainama, akapitisha kiganja ndani ya bonde la jiwe, polepole, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto kutafuta jeraha. Kisha uso wake ukabadilika, na alichosema hakuna aliyekitarajia.

"Nani amesaga na hii? Imechimbika upande wa kushoto. Mimi sikuacha hivi."

Madamu Agneta alisogea karibu. "Ni mama yangu, bibi. Alitumia mkono wa kushoto. Alitafuta jiwe lingine la juu kule mtoni. Amefariki mwaka wa elfu mbili na sita."

"Alisaga nini?"

"Mtama. Na muhogo mkavu, wakati wa njaa."

"Muhogo!" Bibi alitikisa kichwa. "Ndiyo sababu. Muhogo unakula jiwe." Akapapasa tena, upande wa kulia, kisha wa kushoto. "Alikuwa na nguvu huyo mwanamke."

"Alikuwa nazo, bibi."

Hapo ndipo tulipomwona Mwalimu Protasi akiwa mwalimu kuliko siku zote za miaka yake thelathini na minne. Aliinuka na vumbi kwenye magoti, akawaita watoto kwa furaha wasogee, wasogee zaidi, waweke viganja vyao. "Jiwe halijui kusoma wala kuandika. Lakini linawaambia kitu. Linasema watu wangapi walisaga hapa?"

"Wawili!"

"Mnajuaje?"

"Kulia na kushoto!"

"Na hiyo," alisema Mwalimu, "ndiyo historia. Mengine ni tarehe."

Kisha ukatokea ubishi, ubishi mtamu kuliko wote. Jiwe liwekwe mwaka gani? Wengine walisema 1972, wengine walisema lilianza kabla na kuendelea baada. Nasiri, ambaye sasa yuko sekondari na alikuja kumuaga mwalimu wake, alisema liwe kama babu yake, lisimame tu. Mwishowe Madamu Agneta alichukua mita yake, akapima upana wa jiwe, akatangaza kwamba kwa kipimo chetu lina mwaka mmoja na kidogo, na kwamba kwa hiyo haliwezi kukaa ndani ya mwaka mmoja hata tufanyeje. Wakalilaza hapo, na kamba ikapita juu yake. Mama mmoja alileta mtama kiganjani. Bibi Clotilda aliweka jiwe la juu juu ya la chini, akasaga upande wake mara chache, kisha akasogea, akampa Madamu Agneta upande wa kushoto. Vigelegele vilisikika, wanasema, mpaka kwenye mitumbwi.

Direkteri Revokatus alingoja vitulie. Yeye si mtu wa kukwepa jambo mara mbili. "Swali langu la mwezi wa tano bado liko palepale," alisema. "Mwakani nani atasimama hapa?"

Madamu Agneta aliinua mkono, unga umejaa hadi kwenye kiwiko. "Mimi."

Mwalimu Protasi alimgeukia. "Una hakika, jirani?"

"Kupima najua. Kusimama nitajifunza. Lakini kwa sharti moja, na Ayubu asikie: hakuna mpira."

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Baada ya hapo tulikula ugali wa muhogo na ndagala, tukanywa Fanta, tukapiga picha nyingi mno. Zilipofika saa za kwenda nyumbani, mawe yalileta utata kidogo, hakuna aliyetaka kumnyima mwenzake. Bibi Clotilda alimaliza maneno: yeye amesaga vya kutosha katika maisha yake, na siku hizi kuna mashine pale barabarani. Mawe yote mawili yamelala ofisini kwa Direkteri, la juu juu ya la chini, na kuku wa upande wa chini wameahidiwa sufuria ya kunywea.

Mwalimu wetu, asante kwa sauti yako, kwa ramani zako za udongo, kwa saa zote ulizosimama mahali ambapo sisi hatukutaka kusimama. Asante kwa marahaba. Tunaomba uzee wako uwe na kivuli cha kutosha, mihogo isiyo na ugonjwa, wajukuu wenye maswali mengi, na jirani mwema upande wa chini, ambaye huyo tayari unaye. Jumatatu, kwa mara ya kwanza, mtu mwingine atafungua darasa la sita, na watoto watasimama, watasema "Bonjour," na watangoja. Tumekwisha fanya mazoezi ya kujibu. Murakoze cane, asante sana, Mwalimu. Ishi vizuri.

Aliya, mwalimu wa darasa la nne. Nimeandika bila kufuta hata mstari mmoja, furaha hainiachi kulala. Upepo umetulia ziwani. Saa saba kasoro robo usiku, sasa nazima taa.